Mtambo wa Bayogesi Unalishwa Lakini Gesi Inashuka: Kutafuta Upungufu wa Virutubishi Vidogo

"Gesi inashuka, na mimi sijabadilisha kitu." Kati ya malalamiko yote ya watu wanaoendesha mitambo ya bayogesi, hili ndilo nililolisikia mara nyingi zaidi, na kwa kawaida mlalamikaji anasema kweli. Malisho ni yale yale, joto ni lile lile, zamu za kukoroga hazijarukwa. Kilichopungua ni kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikihesabu: kobalti, nikeli, seleniamu na wenzake. Tangi la lita milioni moja linaweza kuhitaji gramu mia mbili tu za kobalti, lakini gramu hizo zikikosekana, tani zote za taka unazomimina humo huishia kuwa asidi.

Sababu yake iko kwenye viumbe vyenyewe. Hatua ya mwisho ya mmeng'enyo hufanywa na arkea, viumbe wadogo ambao si bakteria, na vimeng'enya vyao vimejengwa kuzunguka metali. Kimeng'enya kinachoiachia methani kina nikeli katikati yake. Mwaka 1979 kundi la mtafiti Rudolf Thauer nchini Ujerumani lilionyesha kwamba arkea mmoja wa aina hiyo hakui bila nikeli, kobalti na molibdenamu. Kobalti imo ndani ya molekuli za jamii ya vitamini B12, ambazo kazi yake ni kubeba kundi la methili. Seleniamu, molibdenamu na tangsteni zimo kwenye vimeng'enya vinavyoshughulikia asidi ya fomiki. Chuma kimo karibu kila mahali elektroni zinapopitishwa, ndiyo maana huhitajika kwa wingi kuliko metali nyingine zote.

Hata hivyo, usikimbilie kununua chumvi za metali. Upungufu wa virutubishi vidogo hufanana sana na matatizo mengine yaliyo rahisi zaidi kurekebisha, na anayeanza na chumvi hupoteza fedha na wiki kadhaa. Kwa hiyo, chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi.

Kabla hujafungua chochote

Hidrojeni salfaidi hunuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa. Harufu ikitoweka ghafla usidhani hatari imepita. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja. Usiingie ndani ya tangi, shimo la kuchanganyia wala chumba cha chini cha pampu bila kipima gesi, hewa ya kupulizwa na mtu wa nje aliyeshika kamba. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Wanaokufa kwenye mashimo haya mara nyingi ni wawili au watatu, na wa pili ni yule aliyekwenda kuokoa.

Dalili ya 1: Gesi inapungua polepole kwa wiki nyingi, ilhali malisho hayajabadilika

Anza na mita na mabomba. Maji hujikusanya kwenye sehemu za bomba zilizobonyea na kuziba njia, mita huchafuka, na kiungio cha kifuniko hulegea. Pitisha maji ya sabuni kwenye viungio vyote na utazame mapovu, kisha toa maji kwenye mitego, yaani vyombo vya kukusanyia maji ya bomba la gesi. Kazi hii ni ya nusu saa, na imeshatatua matatizo mengi yaliyokuwa yameandaliwa safari ya maabara.

Pili, joto. Mitambo mingi hufanya kazi kati ya nyuzi 35 na 40 za Selsiasi, na ile ya joto kali kati ya 50 na 55. Usiiamini skrini peke yake, kwa sababu kihisio kilichofunikwa na tope gumu husoma joto la tope lile, si la tangi. Chota slari mpya (uji wa taka ulio ndani ya tangi) kwenye ndoo iliyopashwa moto kidogo, tumbukiza kipimajoto mara moja, ulinganishe.

Tatu, malisho yanayoitwa "yale yale". Pima uzito, kisha pima ukavu. Kausha sampuli kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, halafu ichome kwa nyuzi 550 uone ni kiasi gani kilichoungua. Msimu wa mvua huweza kuleta tani zile zile zenye maji mengi zaidi, na maji hayatoi gesi.

Nne, ukorogaji. Mchanga ukijaa chini na gamba likiganda juu, tangi la mita za ujazo 500 linaweza kuwa linafanya kazi kama la 350. Malisho hupita haraka kuliko unavyodhani.

Tano ndipo tunafika kwenye virutubishi vidogo, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Mtambo huanzishwa kwa samadi ya ng'ombe au kwa slari ya mtambo mwingine. Mbegu hiyo huja na akiba ya metali. Baadaye mwenyewe anahamia kwenye malisho mamoja: mabaki ya chakula peke yake, saileji ya mahindi peke yake, au mabaki ya kiwanda yenye sukari au wanga mtupu. Malisho hayo yana nishati nyingi lakini hayana kobalti au seleniamu ya kutosha. Kila siku unaingiza malisho na kutoa slari, na akiba ya mwanzo inatoka nayo. Katika tangi linalokorogwa vizuri, baada ya muda mmoja wa kukaa, yaani wastani wa siku ambazo slari hukaa ndani ya tangi kabla ya kutoka, hubaki asilimia 37 ya akiba ile. Baada ya mara mbili ya muda huo hubaki asilimia 14. Baada ya mara tatu hubaki asilimia 5 tu. Kama slari yako hukaa siku 40, fanya hesabu: siku ya 120 akiba imekwisha. Ndiyo maana mtambo hufanya vizuri miezi mitatu minne ya kwanza, kila mtu akaridhika, kisha ukaanza kuugua bila kisa.

Nakumbuka mtambo mmoja wa mabaki ya chakula ambao msimamizi wake alikuwa na daftari la kawaida la shule, lenye mistari iliyofifia kwa unyevu. Kila asubuhi aliandika tani, joto na gesi. Tulikaa juu ya ngazi ya tangi tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa tukitafuta siku gesi ilipoanza kushuka, kisha tukaendelea kurudi nyuma tukitafuta kitu cha mwisho kilichobadilika. Kilikuwa lori la mwisho la samadi, wiki 14 kabla. Slari yao ilikaa siku 35. Kwa hesabu ile ile, akiba iliyoletwa na samadi ilikuwa imebaki chini ya sehemu 1 kati ya 10. Yeye alikuwa sahihi kabisa kwamba hakubadilisha kitu mwezi ule. Alibadilisha miezi mitatu nyuma. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninaloomba ni daftari, hata kabla ya sampuli.

Ng'ombe hupata madini kwenye majani, kwenye udongo anaoulamba na kwenye chumvi ya mifugo, kwa hiyo mtambo unaolishwa samadi yake kwa wingi ni nadra kupungukiwa. Hiyo inakupa tiba ya kwanza na ya bei nafuu: rudisha samadi, sehemu moja hadi mbili kati ya kumi za malisho, kisha utazame kwa wiki tatu au nne. Gesi ikianza kupanda zaidi ya ile inayotokana na samadi yenyewe, umepata dokezo zito.

Ushahidi wa karibu zaidi hutoka kwenye jaribio la chupa. Chukua chupa sita za lita moja. Zijaze slari ya tangi lako kwa kiasi sawa, ukibakiza nafasi juu, weka malisho kidogo yanayolingana, na tatu kati yake uziongezee mchanganyiko wa metali. Zifunge, ziweke kwenye maji ya nyuzi 38, na pima gesi kwa kusukuma maji kwenye silinda iliyogeuzwa. Fanya chupa tatu tatu, si moja moja, kwa sababu chupa moja inayovuja itakudanganya. Tangi likiwa tayari linaugua kwa upungufu, tofauti huanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Kama bado ni zima, jaribio fupi halitaonyesha chochote, na hilo halimaanishi kwamba akiba inatosha.

Dalili ya 2: Asidi zimepanda na hazishuki hata baada ya kupunguza ulishaji

Ukiwa na muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Usingoje pH ikuambie. Katika tangi lenye protini nyingi, amonia huijenga alkali kiasi kwamba pH inaweza kubaki 7.8 huku asidi nyepesi, kama vile asetiki na propioniki, zimefika maelfu ya miligramu kwa lita. Siku pH inapoanguka, umechelewa. Pima uwiano wa asidi kwa alkali, ambao maabara huuandika FOS/TAC. Chuja slari, chukua mililita 20, dondoshea asidi ya salfuriki ya 0.1 N hadi pH 5.0 na uandike mililita ulizotumia. Endelea hadi pH 4.4 na uandike nyongeza. Zidisha namba ya kwanza kwa 250 upate alkali. Namba ya pili zidisha kwa 1.66, toa 0.15, kisha zidisha kwa 500 upate asidi. Gawanya asidi kwa alkali. Mitambo mingi hutulia ikiwa chini ya 0.4. La maana zaidi ni mwelekeo wa tangi lako mwenyewe: likizoea 0.25 na sasa linasoma 0.38, usiseme bado liko ndani ya mpaka.

Sababu zikipangwa kwa wingi wake: ulishaji kupita kiasi, mabadiliko ya ghafla ya joto au malisho, amonia nyingi, upungufu wa virutubishi vidogo, na mwisho sumu kama vile dawa za kuulia vijidudu zilizoingia na maji ya kusafishia.

Namna ya kutofautisha ni rahisi kiasi ila inahitaji subira. Punguza ulishaji kwa nusu kwa siku saba hadi kumi, usibadilishe kitu kingine. Kama kosa lilikuwa kulisha mno, asidi zitaliwa na uwiano utashuka. Kama asidi zimesimama pale pale au zinapanda ingawa unalisha kidogo, wanaozila hawana uwezo wa kuzila, na hapo peleka sampuli maabara ili asidi zitenganishwe moja moja.

Tazama asidi ya propioniki. Asidi ya asetiki hupanda kwa sababu nyingi na hushuka haraka hali ikitengemaa, lakini propioniki ikiganda juu huku asetiki imeshashuka, nafikiria seleniamu na kobalti kabla ya kingine. Bakteria wanaoivunja propioniki hutoa hidrojeni na asidi ya fomiki, na hawawezi kuendelea mpaka jirani yao azimalize. Vimeng'enya vya kumaliza asidi ya fomiki ndivyo vinavyotaka seleniamu, molibdenamu au tangsteni. Jirani akikwama, mwenye propioniki naye anakwama, na asidi inarundikana mlangoni.

Amonia inaingia hapo hapo. Ikizidi gramu chache kwa lita, arkea wanaokula asetiki moja kwa moja hupungua, na kazi huhamia kwenye njia ndefu inayopitia hidrojeni. Njia hiyo ndefu ndiyo yenye njaa kubwa zaidi ya seleniamu. Kwa hiyo msimamizi anayeambiwa "tatizo lako ni amonia" na yule anayeambiwa "tatizo lako ni seleniamu" mara nyingi wana ugonjwa mmoja. Wa kwanza huambiwa aongeze maji. Maji hupunguza amonia kweli, lakini pia hufupisha muda wa kukaa na kuzisukuma nje metali chache zilizobaki. Nimeona tangi likipata nafuu ya wiki tatu kwa maji, kisha likaporomoka vibaya kuliko mwanzo.

Kwa mitambo ya mabaki ya chakula yenye amonia nyingi, utafiti uliofanywa Southampton nchini Uingereza ulipendekeza kiasi cha chini cha takriban miligramu 0.16 za seleniamu na 0.22 za kobalti kwa kila kilo ya malisho mabichi, kwa ulishaji wa wastani. Zichukue kama mahali pa kuanzia kwa malisho ya aina hiyo. Hazifai kubandikwa kwenye kila tangi.

Hesabu ya kipimo ndiyo inayowakosesha wengi, kwa sababu chumvi si metali tupu. Kloridi ya kobalti yenye maji sita (molekuli sita za maji zilizofungwa ndani ya fuwele yake) ina kobalti asilimia 24.8 tu. Kloridi ya nikeli ya namna hiyo ina nikeli asilimia 24.7. Selenaiti ya sodiamu ina seleniamu asilimia 45.7, na molibdati ya sodiamu yenye maji mawili ina molibdenamu asilimia 39.7. Tuseme tangi lina mita za ujazo 1,000 na unataka kupandisha kobalti kwa miligramu 0.2 kwa lita. Hiyo ni gramu 200 za kobalti, sawa na gramu 806 hivi za chumvi. Baada ya hapo, kama unalisha tani 25 kwa siku, kuishikilia pale pale kunahitaji gramu 5 za kobalti kila siku, yaani gramu 20 za chumvi. Kijiko kimoja kikubwa na kidogo juu yake, kwa tani 25 za taka. Iandike hesabu hii kwenye karatasi, mpe mtu mwingine aikokotoe bila kuona jibu lako. Nukta ikikosewa nafasi moja umetia mara kumi.

Ile dozi ya mwanzo igawe katika siku saba au kumi. Yeyusha kwenye maji, mimina kwenye shimo la kuchanganyia pamoja na malisho ili isambae.

Simama hapa. Misombo ya nikeli husababisha saratani ikivutwa kama vumbi, kobalti nayo si ya kuchezea, na selenaiti ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Usipime chumvi kavu jikoni, kwenye ofisi yenye feni, au bila glavu, miwani na barakoa ya vumbi yenye kichujio cha kweli. Kama huna mizani inayosoma gramu na mahali pa kufungia chumvi hizi kwa kufuli, agiza mchanganyiko ulioyeyushwa tayari na uache kazi hiyo kwa wenye vifaa.

Jambo jingine: asidi zikipanda, usikimbilie kutupa chokaa. Chokaa hunyonya kabonidioksidi iliyo juu ya slari, na tangi lililofungwa linaweza kuvutwa ndani kama chupa tupu ya plastiki. Ikibidi kuokoa pH, bikaboneti ya sodiamu ni salama zaidi, kwa kiasi kidogo kidogo. Nayo hainunui kitu ila muda.

Dalili ya 3: Maabara inasema metali zipo, lakini mtambo bado unaugua

Matokeo haya huwachanganya watu kwa haki kabisa. Karatasi inaonyesha kobalti na nikeli za kutosha, na tangi linazidi kuchacha.

Sababu ya kawaida ni kwamba maabara ilipima jumla. Sampuli huchemshwa kwenye asidi kali inayoyeyusha karibu kila kitu, pamoja na metali iliyofungwa ndani ya chembe za mchanga ambayo hakuna arkea atakayeifikia. Omba vipimo viwili: jumla, na kile kilichopita kwenye kichujio cha mikromita 0.45. Pengo kati ya namba hizo mbili lina habari nyingi kuliko namba yenyewe. Hata kilichobaki juu ya kichujio si kwamba chote kimepotea, kwani baadhi ya metali iliyoshikwa kwenye utando wa vijidudu huachiwa taratibu. Lakini kilichopita kikikaribia sifuri, shuku ina msingi.

Kinachofunga metali kwa nguvu ni salfaidi. Malisho yenye salfa nyingi, kama vile damu, manyoya, au mabaki yenye salfeti, huzalisha salfaidi, na salfaidi ikikutana na nikeli au kobalti huzigeuza kuwa mawe madogo meusi yasiyoyeyuka. Unaweza kuongeza kobalti kila siku na ikafungwa kabla haijafika kwa mwenye njaa. Katika hali hiyo anza na chuma. Chuma kipo cha bei nafuu, nacho hujitoa mhanga kukamata salfaidi iliyo huru. Kwa kila kilo ya salfa iliyo katika salfaidi zinahitajika angalau kilo 1.74 za chuma, na kwa kawaida zaidi, kwa kuwa si chuma chote kinachofika kinapokusudiwa.

Kisha gawa dozi ya kobalti na nikeli iwe ndogo na ya kila siku badala ya kubwa ya kila mwezi. Wapo wanaouza metali zilizoshikwa na EDTA, molekuli inayoikumbatia metali isikamatwe na salfaidi. Hufanya kazi, lakini EDTA haiozi kirahisi na ikifika shambani na slari inaweza kuzitembeza metali nzito kwenye udongo. Sitraiti, kishikizi kingine cha metali, huoza, ila huoza hata ndani ya tangi, kwa hiyo ulinzi wake ni mfupi. Mimi hutafuta kwanza kupunguza salfaidi, EDTA iwe ya mwisho.

Sababu ya pili ni uchafu wa sampuli. Chuma cha pua kina nikeli. Kijiko cha chuma cha pua, blenda ya kusagia sampuli, hata chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya bomba vinaweza kuongeza namba. Tumia plastiki iliyooshwa kwa asidi, na acha lita chache za kwanza zitoke kwenye bomba kabla ya kukinga.

Dalili ya 4: Harufu ya mayai viza, injini inaliwa na kutu

Salfa imezidi kwenye malisho, basi. Chuma huitibu kama ilivyoelezwa juu. Kloridi ya chuma ina asidi nyingi na hula alkali yako, kwa hiyo kama FOS/TAC tayari iko juu chagua hidroksidi ya chuma. Chuma kikizidi mno hushika pia fosforasi, nayo ni chakula. Njia ya kupuliza hewa kidogo juu ya slari ipo na inafanya kazi, ila usiijaribu mwenyewe: anayeisanifu lazima ahakikishe oksijeni haikaribii kiwango cha mlipuko hata pampu ikigoma kuzimika.

Dalili ya 5: Povu linapanda hadi kwenye bomba la gesi

Mara nyingi ni malisho mengi kwa mkupuo, mafuta, protini au sabuni. Punguza ulishaji, ugawe dozi za siku, koroga kwa vipindi. Mafuta kidogo ya mboga hushusha povu kwa saa chache. Povu linalorudi kila wiki pamoja na asidi zinazopanda, lirudishe kwenye dalili ya 2. Likishaingia kwenye bomba la gesi na mgandamizo unapanda, zima ulishaji, hakikisha vali ya usalama haijaziba, watu waondoke, umwite fundi.

Dalili ya 6: Umeongeza metali na hakuna nafuu, au hali imezidi kuwa mbaya

Kwanza, angalia kalenda. Arkea hukua taratibu; wanaokula asetiki huhitaji siku kadhaa kuongezeka mara mbili. Asidi iliyorundikana kwa miezi haiishi kwa wiki. Ninachotafuta siku kumi za mwanzo ni propioniki kuacha kupanda. Gesi hufuata.

Pili, kuna furaha inayoua mtambo: gesi inaruka juu kwa sababu asidi ya akiba inaliwa, msimamizi anadhani nguvu imerudi, analisha kwa wingi. Subiri hadi asidi zishuke, kisha ongeza ulishaji kwa hatua ndogo, wiki kwa wiki.

Tatu, mchanganyiko usio sahihi. Wapo wanaotia madini ya mifugo kutoka duka la pembejeo. Yale yametengenezwa kwa ajili ya ng'ombe: yana shaba, zinki na manganizi kwa wingi, kobalti na seleniamu kidogo, na kwa kawaida hayana nikeli kabisa, kwa kuwa ng'ombe hakuiomba. Ukitia kiasi kinachotosheleza kobalti, umejaza shaba na zinki, ambazo zikizidi ni sumu kwa vijidudu hivi hivi.

Nne, umezidisha. Seleniamu ndiyo yenye njia nyembamba zaidi: utafiti ule ule uliopendekeza 0.16 ulionya kwamba jumla ya zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita huenda ikawa sumu ndani ya tangi. Kati ya dawa na sumu hapo hakuna hata mara kumi. Ukishuku kwamba umezidisha, acha dozi yote, usiongeze kingine "kuisawazisha", na upime kabla ya kutoa slari kwenda shambani. Metali haziozi. Kila gramu uliyotia itakwenda kwenye udongo wa mtu, na nchi nyingi zina viwango vya juu vya nikeli, shaba na zinki katika mbolea. Hapa mwite mtaalamu wa maabara na mamlaka inayohusika na mbolea au mazingira, usiimwage slari hiyo kimyakimya.

Dalili ya 7: Mtambo unapona, kisha baada ya miezi unaugua tena

Karibu kila mara dozi ilisimamishwa kwa sababu mtambo ulionekana mzima. Au dozi haikusimama, ila ulishaji uliongezwa na kijiko kikabaki kile kile. Funga dozi kwenye tani zinazoingia, si kwenye siku: kama ni gramu 0.2 za kobalti kwa tani, basi tani 25 ni gramu 5 na tani 40 ni gramu 8. Pima metali zilizoyeyuka kila baada ya muda mmoja wa kukaa kwa mwaka wa kwanza, weka namba kwenye ukurasa ule ule wenye tani na gesi, na siku lori la samadi litakapokoma au malisho mapya yatakapoanza, andika tarehe kwa kalamu nyekundu.